Vichupa vya Makokha

5 Oktoba, Kwanza

Naandika ili nisimpigie Kagwe simu. Nikimpigia nitasema maneno ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kuyajua.

Sisi ni watu wanne tunaoonja wiski. Si walevi. Mlevi hanusi, anameza tu. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunakutana kwenye chumba cha nyuma cha duka la pembejeo la Kagwe, Kitale mjini, katikati ya magunia ya mbolea. Kila mmoja anamiminiwa kidogo, tunanusa, tunabishana, tunarudi makwetu. Kagwe ndiye mwenyekiti na kabati la chupa zetu sita ni lake. Kipkemei ni jirani yangu hapa mashambani Kwanza, mkulima, mtu anayetoa neno kama anatoa jino. Wa nne ni kaka yangu Makokha wa Bumula, daktari wa mifugo aliyestaafu, na ndiye aliyetufundisha sote kwamba pua ina kazi nyingine zaidi ya kupenga kamasi.

Kaka ana uvimbe kooni. Desemba anapasuliwa Eldoret. Daktari alimweleza bila kuzunguka: wataondoa zoloto, pale sauti inapotoka, na baada ya hapo atapumulia tundu la shingoni. Sauti itaenda. Na kwa kuwa hewa haitapita tena puani, harufu nayo itaenda. Juzi alinipigia kwa ile sauti iliyobaki, ya mtu anayekwangua sufuria.

"Viola, nataka kunusa zile zote sita mara ya mwisho. Hata kama ni tone."

Kuja Kitale hawezi, ameishiwa nguvu. Kwa hivyo leo nikamwomba Kagwe anipe nimpelekee. Kagwe akakunja mikono juu ya tumbo.

"Madam Viola, sheria ni sheria. Asiyefika haonji."

"Ile yenye harufu ya moshi ni yake! Alijinunulia siku aliyostaafu!"

"Ikiingia kabati ni ya kikundi. Chupa haitoki. Na si ni yeye mwenyewe alitunga hiyo sheria?"

Ni kweli ni yeye. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kipkemei alikuwa anatazama dari, halafu akasema, "Mtu anaweza beba sehemu yake na kachupa." Hakuongeza kitu mpaka jua likatua. Kagwe alijikuna kidevu, akakubali: sehemu ya Makokha ya kila chupa, mkutano ujao, mradi nilete vichupa vya kioo, vyenye kifuniko cha kukaza, visivyo na harufu. "Usiniletee plastiki hapa."

Na hata angenipa chupa nzima nisingeipeleka. Mke wa kaka, Roselyne, ni mama wa maombi, na nyumbani mwake haijawahi kuingia pombe hata ya kuwekwa kwa keki. Ni kwa sababu yake ile ya moshi ilihamia kabati la Kagwe kabla haijafunguliwa. Mwanamke huyo ameishi na kaka yangu miaka yote hiyo kama askari jela. Lazima viwe vichupa, vidogo vya kufichika.

8 Oktoba

Tumeanza kukata mahindi na kuyasimamisha kwa mafungu yakauke. Mvua ilipaswa kuwa imeondoka. Haijaondoka.

11 Oktoba

Nimezunguka Kitale nzima, duka la dawa baada ya duka la dawa. Kila mahali plastiki. Kijana mmoja wa kaunta alinicheka waziwazi.

"Mathe, kachupa tupu ya nini? Si ununue dawa, kachupa unapewa bure."

Nikanunua dawa ya kikohozi yenye chupa ya kioo, ya mwisho dukani, nikaimwaga yote mbele yake kwenye mtaro. Akaacha kucheka. Nyumbani nimeiosha kwa maji moto, kwa majivu, kwa maji moto tena, nikaianika juani. Nimetia humo wiski yangu ya bei ya chini kuijaribu.

14 Oktoba

Inanuka kikohozi. Nimeitupa na kichupa chake.

16 Oktoba

Kipkemei amekuja na mfuko. Ndani, vichupa vya chanjo ya ng'ombe, vile vyenye kifuniko cha mpira.

"Nimechemsha," akasema.

"Kipkemei, unataka kumuua kabla ya daktari?"

Nilimfokea pale mlangoni, vibarua wangu wakisikia. Alichukua mfuko wake akaenda zake. Sijui kwa nini namkasirikia Kipkemei. Yuko karibu, labda ndiyo hiyo tu.

20 Oktoba

Mvua usiku kucha. Mahindi yaliyosimamishwa yameanza kuota yakiwa shambani.

24 Oktoba, Bungoma

Nilikuja mjini kwa sababu niliambiwa kuna muuza manukato karibu na msikiti anayeuza vichupa. Jina lake Hamdun. Nilipoviona nusura nimkumbatie: vya kioo kizito, vifuniko vya kukaza, vipya kabisa, bado vimo ndani ya katoni. Mkewe Sabiha alinipa kiti na kikombe cha chai. Nikahesabu sita, nikavipanga juu ya meza. Hamdun akauliza, kwa wema tu, napika manukato gani.

Ningesema marashi tu, nikaenda. Lakini mimi ni mpumbavu, nikaona watu wema hawastahili uongo. Nikamweleza yote, mpaka operesheni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavirudisha vichupa kwenye katoni, kimoja kimoja, polepole.

"Pole sana kwa ndugu yako, mama. Mungu amponye. Lakini ungenyamaza ningekuuzia. Sasa umeniambia, na mimi siwezi kuuza kitu nikijua kinaenda kubeba pombe."

"Kwa hivyo naadhibiwa kwa kusema ukweli?"

"Hapana, mama. Ni mimi ndiye nimefungwa, si wewe."

Sabiha akanisindikiza hadi barazani akaninong'oneza niende kwa Nanyama, nyuma ya soko, anayeuzia makanisa vifaa. Nilitembea huku nikizungumza peke yangu kama mwendawazimu. Kagwe ana sheria, Hamdun ana sheria, Roselyne ana sheria. Kila mtu ana sheria, na ugonjwa peke yake ndio hauna.

Nanyama alikuwa navyo, tele. Vichupa vya mafuta ya upako, vya kioo, vitupu, vinavyosubiri kujazwa. Kasoro moja: vimechapwa msalaba wa dhahabu ubavuni, na chapa yenyewe haitoki hata ukiisugua kwa kisu. Nikamwuliza hana visivyo na msalaba?

"Isiyo na msalaba atanunua nani, dada? Hii ndio inaenda."

Halafu nikafikiri: kwani ni kasoro? Roselyne akikuta kichupa chenye msalaba kando ya kitanda, atakigusa kwa nini? Nikajiona mjanja. Nikanunua sita.

2 Novemba, Kitale

Kagwe amemimina. Alishika kila kichupa akakielekeza kwenye taa kama anatafuta ufa, akavinusa vyote, akakosa kasoro. Alipima kiasi cha mtu mmoja kwa kifuniko cha chupa, bila kuzidisha hata tone. Kwenye ile ya moshi nilimtazama machoni, nikadhani ataona haya na kuongeza. Hakuongeza.

Kipkemei alitoa sehemu yake ya ile ya moshi, akaimimina yote katika kichupa cha kaka. Kwa zamu hiyo alikunywa maji.

4 Novemba, Bumula

Nimempa kaka vichupa Roselyne akiwa kisimani. Alivipanga kwenye kistuli kando ya kitanda, nyuma ya Biblia, akanitazama kama mtoto wa darasa la kwanza aliyepewa viatu. Amesema atanusa kimoja kila wiki, asivimalize mapema. Roselyne aliporudi alisalimia, akatandika meza, akaomba juu ya chakula mpaka ugali ukapoa.

12 Novemba

Mashine ya kupukuchua imeharibika. Mafundi wanasema kesho. Walisema hivyo jana pia.

17 Novemba

Kaka amepiga simu. Nilikuwa sielewi nusu ya maneno, ila nilielewa kwamba amefungua viwili. Cha kwanza alilamba kwa ncha ya ulimi, kikamchoma, akaacha kulamba akabaki kunusa. Cha pili amekinusa asubuhi tatu mfululizo. "Tofaa," alisema, "na mbao ya duka la seremala." Ile ya moshi ameiweka ya mwisho. Niliweka simu chini, nikawafokea vibarua kuhusu turubai, ilhali turubai lilikuwa sawa.

23 Novemba, Bumula

Nitaandika yote.

Nilifika saa nane mchana. Nje kulikuwa na viatu vya wanawake vimepangwa mlangoni, na ndani nyimbo. Kundi la maombi la Roselyne lilikuja kumwombea kaka kabla ya safari ya Eldoret. Walimzunguka kitandani, vitambaa vyeupe kichwani, na kiongozi wao, Mama Pauline, mwanamke mwenye sauti ya kufukuza ndege shambani, alikuwa ameweka mkono juu ya kifua chake. Nikasimama mlangoni kusubiri waishe.

Mama Pauline akafungua macho. Macho yakatua kwenye kistuli.

"Haiya! Mafuta ya upako iko hapa yote, na mgonjwa bado iko kavu hivi? Roselyne, si mngempaka hii kitambo?"

Roselyne alikuwa amesimama kichwani pa kitanda. Aligeuza uso ukutani. Mama Pauline akakaza kucha, kifuniko kikazunguka, akakimimina kichupa kizima kiganjani na kumpaka kaka kichwani. Halafu cha pili. Nilipopata sauti yangu tayari alikuwa na cha tatu mkononi.

"Wacha! Wacha hiyo!"

Wakageuka wote. Nikajipenyeza katikati yao, nikamshika mkono. Mwanamke mmoja akanishika mabega kwa nyuma na kuanza kuomba kwa nguvu, wengine wakamfuata, wakanizunguka. Walifikiri roho ya upinzani imeniingia. Nilikuwa nasukumwa huku na huku, napiga kelele, "Si mafuta! Si mafuta!" na kelele zangu zikawa kiitikio cha maombi yao.

"Ashindwe!" wakasema.

Chumba kikajaa harufu. Mmoja akavuta pumzi, akafunga macho. "Hii mafuta inanukia vizuri bana. Ni ya wapi?"

"Ya Israeli hiyo," mwingine akamjibu. "Hiyo iko na ubani ndani."

Cha nne kilikuwa ile ya moshi. Sehemu ya kaka na sehemu ya Kipkemei. Iliteremka kwenye paji la uso, ikapita masikioni, ikalowesha mto. Kaka alikuwa amefumba macho, pua imepanuka, anajaribu, naapa nilimwona anajaribu, kuitenga ile ya moshi na zile nyingine tatu zilizokuwa tayari kichwani mwake. Haiwezekani. Zilikuwa zimechanganyika, hazikuwa kitu tena. Machozi yakamtoka.

"Ameguswa!" akasema Mama Pauline. "Mmeona? Ameguswa!"

Walipoondoka nilimfuata Roselyne jikoni. Alikuwa amechinja kuku kwa ajili yangu, supu inachemka.

"Uliwaacha," nikasema. "Ulisimama pale kama nguzo."

Aliendelea kukoroga. Kisha akasema bila kunitazama, "Nilijua, mulamwa," kwa neno letu la mawifi.

"Ulijua nini?"

"Tangu siku ile ulileta. Mimi nimezaliwa kwa nyumba ya kupika pombe ya chang'aa. Mama yangu alikuwa anapika kwa hiyo jiko mpaka ikamuua, na baba yangu ikamuua kwanza. Unafikiria pua yangu ni ya mbao? Kila asubuhi nilikuwa naingia hapo ndani nasikia ile harufu, natoka nje natapika. Halafu narudi namtandikia."

"Na mbona hukumwambia Pauline awache?"

"Ningesema nini? Ati kwa kitanda yangu kuna pombe, ndani ya chupa iko na msalaba? Wewe ndio uliweka msalaba, si mimi."

Nikamwambia amemwibia mume wake kitu cha mwisho ili apate kulinda jina lake kanisani. Nilisema hivyo hasa, na nilisema kwa sauti ya kusikika chumbani. Roselyne akaweka mwiko chini.

"Na wewe umeniibia nyumba yangu," akasema. "Ungekuja uniambie, 'Mulamwa, kaka yangu anataka hivi.' Hukuja. Ulinipita kama mimi ni mbwa ya geti."

Nikaondoka bila kula kuku wake. Watu wa kwetu wanajua ni tusi gani dada wa mwenye nyumba kuondoka huku kuku aliyechinjiwa yuko jikoni. Nilijua na mimi, ndiyo maana nikaondoka.

24 Novemba

Nimempigia Kagwe kumwomba mara ya pili. "Sehemu yake alishapewa," akasema. Nikakata simu.

27 Novemba

Mvua. Mahindi yaliyobaki shambani nimewaambia watu wachukue walishe nguruwe.

1 Desemba

Nimelala vibaya. Lile la mbwa wa geti linanirudia nikikamua, nikifagia. Nimejaribu kumkasirikia Roselyne kama nilivyomkasirikia wiki jana, na hasira ipo, lakini haikai pale ninapoiweka. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia juu ya mama yake. Na mimi sikuuliza.

7 Desemba, Kitale

Leo nilienda mkutanoni ili tu nimwambie Kagwe najitoa. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Kagwe alikuwa anapangusa bilauri, Kipkemei amekaa juu ya gunia lake, na kabla sijafungua mdomo tukasikia mtu anauliza dukani, "Hapa ndipo wanakunywa?"

Ilikuwa sauti ya Roselyne.

Aliingia na sare ya umoja wa wanawake kanisani kwao, kitambaa cheupe, beji na yote, Jumamosi mchana, wateja wakimwona kutoka kaunta mpaka chumba cha nyuma. Alifungua mkoba, akatoa vile vichupa vinne vilivyomwagwa, akavipanga juu ya meza. Ameviosha mpaka vimeng'aa. Misalaba yote imetazama upande wetu.

"Mimi ni bibi ya Makokha," akasema. "Nimekuja kuchukua yake. Jumanne anapasuliwa."

Kagwe akakohoa. "Mama, pole. Lakini alishapewa. Na tena sisi hapa tuko na sheria. Asiyefika haonji."

"Mimi na yeye ni mwili mmoja. Ama nyinyi huku Biblia hamsomi?"

Kagwe alinitazama. Mimi nilitazama sakafu.

"Kama ni kufika," Roselyne akasema, "basi amefika. Ni huyu amesimama hapa. Mimina."

Sijawahi kumwona Kagwe akikosa pa kuweka mikono. Alifungua kabati. Akaanza kupima kwa kifuniko kama kawaida yake, na Kipkemei akainuka kutoka kwenye gunia, akamnyang'anya chupa, akajaza mwenyewe mpaka shingoni. Kagwe akamwachia. Muda wote huo Roselyne alikuwa amegeuza uso ukutani, kitambaa puani.

Nilimsindikiza hadi stendi. Nilitaka kuomba msamaha, nikajikuta namlaumu kwa nini amekuja na sare.

"Nilitaka nikionekana nionekane," akasema. "Kesho uje ule kuku."

8 Desemba, Bumula

Nimekula kuku.

Baada ya chakula Roselyne alifunga mlango wa mbele, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamfungulia kaka vichupa. Kimoja, anasubiri, anafunga. Kingine. Kaka alinusa polepole mno. Kwenye ile ya moshi alikaa nayo mpaka nikadhani amelala. Halafu akamsogezea mkewe.

"Nusa."

"Hapana, baba."

"Roselyne. Jumanne sitakuwa na pua. Utaninusia wewe."

Niliinuka kwenye kiti. Nilikuwa karibu kusema, mimi nipo, mimi ndiye uliyenifundisha, kwa nini yeye? Hasira ilinipanda ya kitoto kabisa. Roselyne akakipokea. Alikileta kichupa puani kama mtu anayeshika nyoka, akavuta, akakiondoa haraka, macho yamejaa maji.

"Inanuka jiko ya mama yangu," akasema.

"Eeh," akasema kaka. "Na nini tena?"

Akavuta tena. Aliendelea kumfundisha mpaka sauti ikakatika kabisa, akawa anaonyesha kwa vidole tu. Mimi nilikaa kwenye kiti changu nikawashikia vifuniko.

14 Desemba, Eldoret

Leo wameturuhusu kumwona. Ana bomba shingoni na bandeji, na hewa inatoka hapo kwa mlio mdogo ambao sitauzoea. Nilimkasirikia muuguzi kwa sababu ya shuka, nikamkasirikia daktari kwa sababu alitabasamu. Kaka akanipungia mkono nikae.

Roselyne akasubiri wodi itulie. Akatoa kichupa kimoja mkobani, akafungua, akanusa. Safari hii hakugeuza uso.

"Hii ni ile ya tofaa," akamwambia.

Kaka akatikisa kichwa kukataa.

Akanusa tena, amekunja uso. "Tofaa. Na mbao."

Kaka akatikisa kichwa, akainua kidole kimoja, akakipungia hewani jinsi alivyokuwa anatufanyia sisi tukikosea.

"Sasa wewe huna pua," Roselyne akasema, "na bado unanibishia?"

Kaka akacheka. Ilikuwa ni mabega tu yanayopanda na kushuka, hakukuwa na sauti yoyote, na Roselyne akacheka naye akiwa ameshika kichupa mbali ili kisimwagike. Mimi nilitoka hadi kwenye korido, nikalia kwa sauti ya watu wawili.